Kuchagua Nyumba ya Pwani kwa Mapumziko ya Jamaa

Mwezi wa sita na mwezi wa kumi na mbili shule hufungwa, na siku hizi jamaa nyingi za Moshi, za Arusha, za Lushoto na za Iringa hupenda kushuka pwani kwa siku chache, ili wazee wapumzike na watoto waione bahari. Zamani mtu wa bara alikwenda pwani kwa kazi, au kwa sababu ana ndugu huko, hakupanga nyumba. Sasa nyumba za kupanga ziko tele tangu Tanga hata Mtwara, na katika visiwa pia, na mtu aweza kuchagua nyumba naye yu kwake, kwa picha zitumwazo katika simu. Jambo hili ni jema. Walakini sisi watu wa bara tusiolelewa na bahari twaweza kuchagua vibaya, na hasara yake si ya fedha tu. Mara nyingine ni uhai wa mtoto.

Kwa hiyo katika somo hili twataka kujifunza neno moja kubwa, nalo ni hili: Chagua bahari kwanza, ndipo uchague nyumba, na katika kuchagua bahari, mtazame yule aliye dhaifu kuliko wote katika jamaa yako. Nyumba mbovu yaweza kufagiwa, na kitanda kibovu chaweza kutandikwa vema. Bahari haibadilishwi na mpangaji.

1. Wanaokwenda ni nani?

Watu wengi huanza na swali la nyumba: ina vyumba vingapi, ina baraza, kodi yake kiasi gani? Yafaa kuanza na swali jingine: Wanaokwenda ni nani? Chukua karatasi, uandike majina yao wote na umri wao, na mbele ya kila jina uandike kama aweza kuogelea au hawezi. Katika jamaa nyingi za bara tutaona ya kuwa hakuna hata mmoja awezaye. Kijana aliyezoea kuoga mtoni, penye maji ya kufika magoti, hajajua kuogelea baharini. Maji usiyoyafika hujui mbizi yake.

Tuseme wanaokwenda ni baba na mama, watoto wanne ambao wa mwisho ana miaka mitatu, na bibi yao mwenye maumivu ya magoti. Wameonyeshwa picha ya nyumba nzuri sana juu ya jabali, na chini yake bahari ya kijani. Lakini kutoka nyumba hata mchangani kuna ngazi nyingi za mawe. Bibi atashuka siku ya kwanza, na baada ya hapo atakaa juu siku zote akiwasikia wengine kwa mbali. Na mama hatapumzika, maana kila saa atamtafuta yule mdogo asianguke. Nyumba ile ni nzuri, lakini si yao. Wangepata nyumba ya chini, isiyo na sifa nyingi, yenye kivuli cha mwembe na njia sawasawa ya kufika majini, wote saba wangepumzika.

2. Kujaa na kupwa kwa maji

Bahari ya kwetu haikai mahali pamoja. Kila siku maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na tangu kujaa hata kupwa hupita saa sita na kitu. Tena kila siku saa ya kujaa huchelewa kama dakika 50 kuliko jana. Haya yote hufuata mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ni wakati wa bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na katika pwani ya Dar es Salaam na Unguja tofauti ya kujaa na kupwa yaweza kuwa meta tatu na zaidi. Mwezi ukionekana nusu, ni wakati wa maji mafu: tofauti hupungua hata ikawa kama meta moja tu.

Mpangaji afaidi nini kwa kujua haya? Afaidi sana. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 alasiri, na hupwa karibu na saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Jamaa ikifika siku hizo mahali penye ufuko mpana, watoto watatoka asubuhi na nguo zao za kuogea, nao wataona mchanga, matope na mawe, na bahari iko mbali kama shamba la jirani. Siku za maji mafu saa hugeuka: maji hujaa karibu na saa 4 asubuhi, ambayo ndiyo saa ya watoto, wala hayajai kwa nguvu nyingi. Basi, kabla ya kuandika tarehe za safari, tazama mwezi katika kalenda. Kwa jamaa yenye watoto wadogo itakayo kuoga asubuhi, juma la nusu ya mwezi hufaa zaidi. Kwa wale wapendao kutembea juu ya mawe na kutazama viumbe vya baharini, bamvua ni bora. Saa zenyewe za kila siku zimo katika majedwali ya bandari, na mvuvi ye yote wa mahali hapo atakuambia bila jedwali.

Hapa tuonye jambo moja. Maji yakipwa, watu hutembea mpaka karibu na mwamba. Lakini yarudipo hayarudi kama mstari mmoja ulionyoka. Hupita kwanza katika mifereji ya chini, na mtu aliye mbali huona maji yamekwisha kujaa nyuma yake, kati yake na nchi kavu. Kwa hiyo mtu asiende mbali bila mwenyeji, na maji yaanzapo kugeuka, arudi pale pale.

Tena, asiyejua saa za maji hawezi kutambua maji yasiyo ya kawaida. Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko la nchi chini ya bahari, karibu na Sumatra, liliinua mawimbi yaliyovuka Bahari ya Hindi yote, na hata pwani ya Dar es Salaam walikufa watu waliokuwa wakioga. Jambo hili hutukia mara chache sana. Lakini mkiona bahari inarudi nyuma ghafula katika saa isiyo yake, msisimame kutazama wala kuokota samaki. Wachukueni watoto mpande mahali pa juu.

3. Mwamba, mlango wa mwamba, na kinywa cha mto

Sehemu nyingi za pwani yetu zina mwamba wa matumbawe mbele yake, nao huyavunja mawimbi ya bahari kuu. Nyuma ya mwamba maji hutulia, na hapo ndipo pafaapo watoto. Palipo wazi, pasipo mwamba au kisiwa mbele, mawimbi hufika na nguvu zake zote. Swali la kumwuliza mwenye nyumba ni hili: Je, mbele ya nyumba yako kuna mwamba? Uko mbali kiasi gani? Na mlango wake uko wapi?

Swali la mlango si dogo. Maji yaliyovuka mwamba kwa mawimbi hutafuta njia ya kutoka, nayo hutoka kwa mlango kama mto uendao baharini. Mtu akishikwa na mkondo huo, akipigana nao kurudi moja kwa moja, atachoka na kuzama, hata kama ana nguvu. Yampasa asishindane, aogelee kwa upande, sambamba na pwani, hata atoke katika mkondo, ndipo arudi. Lakini kwa wasiojua kuogelea dawa ni moja tu, nayo ni kutokupanga nyumba iliyo mbele ya mlango wa mwamba.

Kinywa cha mto nacho kina mambo yake. Maji ya mto huleta udongo, na bahari huwa nyekundu, hasa wakati wa mvua, hata mtoto aliye ndani ya maji ya kiuno haonekani miguu. Tena pana mkondo. Watu wa Moshi na Arusha watafurahi kujua ya kuwa mto Pangani, uingiao baharini penye mji wa Pangani, hupata maji yake Kilimanjaro na Meru. Ni maji ya kwetu yaliyotutangulia pwani. Lakini tusiwaache watoto waoge penye kinywa chake.

4. Pepo na mvua

Wenyeji wa pwani hawahesabu majira kwa mvua peke yake, bali kwa pepo pia. Kaskazi huvuma tangu mwezi wa kumi na mbili hata wa tatu, na ni wakati wa joto. Kusi huvuma tangu mwezi wa nne hata wa tisa, na nguvu yake huzidi katika mwezi wa sita, wa saba na wa nane. Kati ya hizo ni wakati wa maleleji, pepo zinapogeuka, na bahari mara nyingi hutulia. Mvua kubwa za masika hunyesha tangu mwezi wa tatu hata wa tano. Wakati huo nyumba ni rahisi, lakini njia za udongo huharibika, na watoto hukaa ndani.

Basi, wendao katika mwezi wa sita watakutana na kusi. Hewa ni nzuri na joto si kali, lakini pwani zinazotazama mashariki na kusini hupata mawimbi, na majani mengi ya bahari hutupwa mchangani. Wakati huo ni afadhali kutafuta mahali penye ghuba, au upande wa kisiwa uliokingwa na nchi. Wendao katika mwezi wa kumi na mbili watakutana na joto na kaskazi, na mwanzoni labda na mabaki ya mvua za vuli. Na kwa sababu ya sikukuu, kodi hupanda na nyumba huchukuliwa mapema. Mtu asitafute nyumba ya Krismasi katika juma la Krismasi.

Liko pia jambo la kuvuka maji. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander, iliyojaa kupita kiasi, ilizama ikienda Pemba. Na tarehe 18 Julai 2012, katika wakati wa kusi, chombo cha Skagit kilizama karibu na Chumbe kikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Watu wengi sana walikufa. Hatusemi ya kwamba watu wasivuke; maelfu huvuka salama. Twasema hivi: sikilizeni maonyo ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, na mkiona chombo kimejaa kupita kiasi, shukeni na watoto wenu, hata kama nauli imekwisha kulipwa. Nauli hupatikana tena.

5. Mahali kadha wa kadha

Sasa na tutazame mahali pachache kwa kupima kwa maneno haya tuliyojifunza.

Tanga. Kutoka Moshi ni kama kilometa 350, na njia ni ya lami. Mji uko juu ya ghuba iliyokingwa, na upande wa Raskazone bahari hutulia kuliko pwani iliyo wazi. Pana soko kubwa, hospitali, na makanisa. Ufuko wake si mpana wala mweupe kama wa visiwani, na mahali pengi pana mikoko. Lakini kwa jamaa yenye bibi na mtoto mchanga, ukaribu wa hospitali ni bora kuliko weupe wa mchanga. Siku ya mvua mwaweza kwenda kuona mapango ya Amboni, yaliyo karibu na mji.

Pangani. Kusini mwa mto, mwendo wa kama kilometa 15, pana ufuko wa Ushongo wenye mchanga mwingi na minazi, na watu si wengi. Hapa ni mahali pa utulivu kwa kweli. Lakini maduka ni machache, na usiku ukihitaji mganga ni safari. Waendao huko wachukue vyakula na dawa za kutosha, na waulize kwanza habari za njia na za kuvuka mto.

Bagamoyo. Ni kama kilometa 70 kutoka Dar es Salaam. Mto Ruvu huingia baharini kaskazini yake, kwa hiyo maji mara nyingi si maangavu, na yakipwa huenda mbali. Mtu aendaye kwa ajili ya kuoga tu hataridhika. Lakini wazazi watakao kuwafundisha watoto wao habari za zamani hawatapata mahali bora upesi: pana magofu ya Kaole, na misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868, na barabara walimopita wapagazi na watumwa waliotoka bara. Mtoto atakayeyaona haya hatayasahau.

Kigamboni. Tangu daraja lilipofunguliwa mwaka 2016, kufika huko kutoka Dar es Salaam kumekuwa rahisi. Nyumba ni nyingi. Lakini kusini, palipo wazi, mawimbi yaweza kuwa makali, na siku za sikukuu watu ni wengi hata mtoto apotea kwa kufumba na kufumbua. Wenye watoto waulize habari za bahari kwa wavuvi, wasiulize kwa mwenye nyumba peke yake.

Unguja. Hapa watu hukosea sana, kwa sababu husema "Unguja" kana kwamba ni mahali pamoja. Pwani ya mashariki, yaani Matemwe, Kiwengwa, Paje na Jambiani, ina mwamba mrefu mbele yake, na ndani yake maji ni ya kina kidogo. Maji yakijaa ni mahali pazuri sana kwa watoto. Yakipwa, bahari huondoka mbali, na hapo utawaona wanawake wa vijiji wakilima mwani kwa kamba na vijiti. Pwani ya kaskazini, yaani Nungwi na Kendwa, maji hayaendi mbali, na watu huoga karibu saa zote. Lakini kina huja upesi, mashua hupita, kodi ni kubwa, na usiku ngoma na muziki huchelewa kunyamaza. Basi jamaa yenye wadogo wengi, na iwezayo kungojea saa ya maji, yafaa iende mashariki. Jamaa ya vijana waogeleaji yaweza kwenda kaskazini.

Wasomaji wetu wa Taita na Voi, na hata wa Moshi, wako karibu na Diani, kusini mwa Mombasa, ambako mwamba huukinga ufuko mrefu mweupe. Wafunge madirisha, maana kima wa huko hawana haya juu ya ndizi za watu.

6. Nyumba yenyewe

Ukiisha kuchagua bahari, ndipo uulize habari za nyumba. Uliza haya:

Maji. Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvi, ambayo hayafai kunywewa wala kupikia chai. Je, maji matamu hutoka wapi? Tangi ni kubwa kiasi gani, na nani hulijaza?

Jiko. Je, ni la gesi au la mkaa, na vyombo vipo? Jamaa ya watu saba iliyokosa jiko itakula fedha zake zote katika hoteli.

Vyandarua. Kila kitanda kiwe na chandarua kisichotoboka, maana mbu wa pwani hawana likizo.

Ua na mlango. Je, pana ukuta au wigo? Mtoto wa miaka mitatu aamkaye kabla ya wote aweza kufungua mlango na kwenda majini peke yake? Ikiwa aweza, ulizeni kitasa cha juu. Hali kadhalika penye bwawa la kuogelea: bwawa lisilo na wigo ni la hatari kuliko bahari, maana bahari hutisha, bwawa halitishi.

Mganga. Hospitali iliyo karibu iko wapi, na gari la usiku hupatikanaje?

7. Kodi na mapatano

Kodi ndogo si gharama ndogo. Tuseme nyumba ya kwanza ni shilingi 80,000 kwa siku, na ya pili ni shilingi 120,000, na mtakaa siku 6. Ya kwanza yaonekana rahisi: 480,000 mbele ya 720,000. Lakini ya kwanza iko mbali na bahari, na mtalipa bajaji shilingi 20,000 kila siku, jumla 120,000. Haina maji matamu, mtanunua kwa 10,000 kila siku, jumla 60,000. Haina jiko, na kula nje kutazidi gharama ya kupika kwa 40,000 kila siku, jumla 240,000. Hesabu yake sasa ni 900,000. Nyumba ya pili, iliyo karibu na bahari, yenye jiko na maji, imebaki 720,000. Basi hesabuni yote kabla ya kuchagua, wala msikope kwa ajili ya mapumziko. Anayepumzika kwa fedha za mkopo hupumzika siku 6 na kuhangaika miezi 6.

Tena, wako wadanganyifu watumao picha za nyumba isiyo yao, au isiyokuwapo kabisa, na kudai fedha zote kwanza. Mtu asitume fedha kwa sababu ya picha. Picha hupigwa maji yakiwa yamejaa na jua likiwa zuri; haionyeshi matope, wala harufu, wala jirani. Mwombe mwenye nyumba akuonyeshe kwa simu, saa ile ile mnayozungumza, vyumba, jiko na njia ya kwenda majini. Kisha mwombe akuonyeshe pwani hiyo maji yakiwa yamekupwa. Mwenye nyumba wa kweli hatakataa. Afadhali zaidi, kama una ndugu au mshiriki mwenzako mahali pale, mwombe apite aione kwa macho yake, nawe usisahau kumrudishia nauli yake.

Mapatano yaandikwe: tarehe ya kuingia na ya kutoka, idadi ya watu, kodi, arubuni iliyolipwa, na itakuwaje mtu akiugua akashindwa kuja. Lipa arubuni, upate stakabadhi, na iliyobaki ulipe ukiisha kuiona nyumba.

8. Wenyeji

Nyumba ya pwani imo katika kijiji cha watu, na wengi wao ni Waislamu. Wao walikuwa pale kabla ya wapangaji. Basi tuwe wageni wanaotamaniwa kurudi. Nguo za kuogea ni za majini. Ukipita kijijini, jifunge khanga au vaa suruali. Mwezi wa Ramadhani ukiwapata huko, msile mkitembea njiani mchana. Adhana ya alfajiri ikiwaamsha, msinung'unike. Nao hawanung'uniki kwa kengele yetu. Msikanyage kamba za mwani, maana ni shamba la mtu, wala msikalie nyavu. Msiwapige watu picha bila ruhusa. Watoto wafundishwe kutazama kiti cha pweza na kukiacha palepale kilipo. Kikipelekwa Moshi kitaoza tu. Na samaki wenu mnunue kwa wavuvi wa hapo kwa bei ya haki.

Ikiwa Jumapili itawakuta huko, ulizeni mapema kanisa liko wapi na ibada ni saa ngapi. Sharika za pwani hufurahi kuwaona wageni.

9. Siku ya kwanza

Mkifika, msikimbilie majini. Baba au mama aende kwanza pamoja na mwenyeji, aulize: Wapi huogwa, na wapi hapaogwi? Mlango wa mwamba uko wapi? Leo maji hujaa saa ngapi? Kisha waite watoto, uwaonyeshe mpaka wao kwa alama inayoonekana, kama mnazi huu na mashua ile.

Wakati wote watoto wawapo majini, awepo mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni kutazama tu. Asipike, asisome, asizungumze katika simu. Abadilishwe kila nusu saa, na mwenye zamu atajwe kwa jina. Watoto wengi huzama karibu na watu wazima wengi, kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake anatazama. Wala mtoto azamaye hapigi kelele siku zote kama watu wadhanivyo. Mara nyingi hunyamaza. Mipira ya magari iliyojazwa upepo isitumiwe kama chombo, maana umande, yaani upepo utokao bara, huisukuma nje, na mtoto huenda nayo. Wote wavae viatu majini penye mawe, kwa sababu ya wale wadudu weusi wenye miiba mirefu inayovunjika ndani ya wayo. Na wakiona yavuyavu, watoke.

Tukumbuke basi lile neno la kwanza. Jamaa haikushuka pwani ili ionyeshe picha, bali ipumzike na kurudi nyumbani ikiwa kamili kama ilivyoondoka. Mchagulie aliye dhaifu, na wenye nguvu watapumzika pamoja naye. Ukiwachagulia wenye nguvu, dhaifu ataachwa juu ya ngazi, au ataingia majini bila wewe kumwona.

Maswali ya kujifunza

Walimu na wainjilisti waweza kuyatumia maswali haya katika kikundi cha wazazi kabla ya shule kufungwa.

1. Katika jamaa yako, aliye dhaifu ni nani? Anahitaji mahali pa namna gani?
2. Juma la mapumziko yenu mwezi utakuwaje? Maji yatajaa karibu na saa ngapi?
3. Kwa nini mahali pafaapo mwezi wa kumi na mbili pawe hapafai mwezi wa sita?
4. Eleza kwa maneno yako: mtu aliyeshikwa na mkondo afanye nini?
5. Taja maswali matatu utakayomwuliza mwenye nyumba kabla ya kulipa arubuni.
6. Katika zamu ya kuwatazama watoto, nani atakuwa wa kwanza?